Uyoga wa chini ya mwaloni: namna ya kuutafuta, kuutambua na kuupika maitake

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi mashariki mwa Marekani na maeneo ya Kanada yanayopakana nayo, hasa wale waliokulia Kigoma, Kasulu, Katanga au Rumonge, ambako uyoga huokotwa porini kila mwaka mvua zikishika, na ambao sasa wakipita kwenye misitu ya Pennsylvania, Ohio au Maine huona uyoga umeota chini ya miti na kujiuliza kama unalika. Nitaueleza uyoga mmoja tu. Unaitwa maitake, na wataalamu huuita Grifola frondosa. Nimeuchagua kwa sababu huota mahali pamoja panapotabirika, yaani kwenye kitako cha mti wa mwaloni. Kwa sababu shada moja linaweza kulisha familia kwa wiki nzima. Na kwa sababu miongoni mwa uyoga unaofanana nao kwa karibu hakuna unaojulikana kuua. Uyoga wa namna hiyo ndio wa kuanza nao mtu aliye ugenini.

Kabla ya hatua yoyote: macho ya nyumbani yaache nyumbani

Sehemu hii ndiyo inayookoa maisha, kwa hiyo naomba isirukwe. Kwetu, uyoga mkubwa mweupe unaochomoza kwenye vichuguu baada ya mvua huliwa bila wasiwasi, na watoto hutumwa kuuokota. Uyoga ule hauoti peke yake. Huwategemea mchwa wanaoulima ndani ya kichuguu kwa majani na vipande vya miti walivyovitafuna, na mchwa wa jamii hiyo wapo Afrika na Asia tu. Marekani hawapo. Maana yake ni kwamba uyoga wowote mweupe utakaouona katika msitu wa Marekani, hata ukifanana kiasi gani na ule ambao bibi yako alikuwa akiupika kwa karanga, si ule, na hauwezi kuwa ule.

Chini ya mialoni hiyohiyo tutakayoizungumzia huota uyoga mweupe pee, mrefu, mzuri wa kutazama, wenye mwavuli laini, pete shingoni, na kifuko kama ganda la yai kilichojificha ardhini kwenye mwisho wa mguu. Ni wa jamii ya Amanita, na Wamarekani huuita malaika wa maangamizi. Aliyeula huwa hasikii lolote kwa saa sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine hata zaidi. Kisha hutapika na kuharisha sana. Kisha hupata nafuu ya uongo kwa siku moja hivi, wakati ini lake linaendelea kuharibika. Kuupika, kuuchemsha na kumwaga maji, kuukausha au kuugandisha hakuondoi sumu hiyo. Wala hakuna ukweli katika ile kauli kwamba uyoga ulioliwa na konokono au kindi hauna sumu, au kwamba kijiko cha fedha au kitunguu kikigeuka rangi ndiyo dalili.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya mwongozo huu ni fupi: uyoga wenye mwavuli na vikunjo vyembamba kwa chini, vilivyopangika kama kurasa za kitabu, usiuguse kabisa. Maitake hauna kurasa. Una vitundu.

Hatua ya kwanza: utafute mti, si uyoga

Anayeingia msituni akitafuta uyoga atachoka, lakini anayetafuta mialoni mikubwa ataukuta uyoga umemsubiri. Mwaloni hutambulika kwa matunda yake, yale yanayofanana na kokwa ndogo iliyovikwa kofia yenye magamba, ambayo hudondoka na kutapakaa chini wakati huohuo uyoga unapoota. Majani yake yana mapengo ya kina pembeni. Kwenye mwaloni mwekundu ncha za majani huchongoka na kuwa na unywele mdogo, na kwenye mwaloni mweupe ncha ni za mviringo. Aina zote mbili hufaa. Mara chache maitake huota kwenye mti wa mepo (maple) au mti mwingine wa majani mapana, lakini mtu anayeanza afadhali abaki kwenye mwaloni, kwa kuwa mti wenyewe ni sehemu ya ushahidi.

Chagua miti mizee, yenye shina ambalo mtu mmoja hawezi kulikumbatia likaisha, hasa ile iliyowahi kupigwa na radi, iliyokauka matawi ya juu, au iliyobaki kisiki. Uyoga huu huishi kwa kuozesha mbao za mizizi na za kitako cha mti, polepole, kwa miaka mingi, mara nyingi mti ukiwa bado una majani mabichi. Kwa hiyo ukiuona kwenye mwaloni ulio karibu na nyumba yako, furahia mboga, lakini pia mwite mtaalamu wa miti aupime, kwa sababu mti unaoliwa kwenye mizizi unaweza kuanguka siku ya upepo.

Zunguka mti wote. Nasisitiza neno hili kwa sababu mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilipita mara tatu mbele ya mwaloni mmoja, na shada lilikuwa upande wa nyuma, limejibanza kati ya mizizi miwili, rangi yake sawasawa na ya majani makavu yaliyolizunguka. Mara nyingi huota palepale shina linapokutana na ardhi, lakini linaweza kuota hata mita moja au mbili kutoka kwenye shina, juu ya mzizi uliofukiwa.

Hatua ya pili: uende kwa wakati wake

Katika majimbo ya kaskazini-mashariki msimu huanzia mwishoni mwa Agosti na huendelea hadi mwanzoni mwa Novemba, na wiki nzuri zaidi ni za Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Kinachouamsha ni mvua nzuri ikifuatwa na usiku wenye baridi. Ukianza kutafuta koti lako jioni, ni wakati wa kwenda.

Hatua ya tatu: ruhusa na mavazi

Marekani pori lina mwenyewe. Ardhi ya mtu binafsi haiingiwi bila idhini yake, na jambo hilo huchukuliwa kwa uzito mkubwa kuliko tulivyozoea. Hifadhi na misitu ya umma ina kanuni zinazotofautiana: baadhi huruhusu kuokota kwa matumizi ya nyumbani, baadhi hutaka kibali, na nyingine hukataza kabisa, kama ilivyo katika bustani za Jiji la New York. Uliza katika ofisi ya hifadhi husika kabla ya kwenda na kisu.

Vaa suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, kwa kuwa kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme wako hai wakati wa majira hayo, na ukirudi jikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Msimu wa uyoga huangukia pia katika msimu wa kuwinda paa. Fulana ya rangi ya chungwa kali inayomwonya mwindaji ni ya bei ndogo, inunue.

Hatua ya nne: utambue kwa dalili zote, si kwa moja

Ukiutazama kwa mbali, maitake unafanana na kuku anayeatamia, manyoya yake yamefumuka. Ndiyo maana Wamarekani huuita kuku wa msituni. Hapa Kiswahili kinatuletea tatizo dogo: wao wana uyoga mwingine, wa rangi ya machungwa na manjano, ambao pia huuita kwa jina la kuku, ila kwa neno lao jingine, na sisi tukitafsiri yote mawili tunabaki na kuku mmoja. Ukimsikia Mswahili mwenzako akisema ameokota kuku wa msituni, muulize rangi. Huko Pennsylvania utasikia pia ukiitwa kichwa cha kondoo, jina ambalo kwa macho yangu linaufaa zaidi.

Sasa piga magoti. Shada lote linatoka kwenye kitako kimoja kinene, cheupe, ambacho hugawanyika na kugawanyika tena kama kolifulawa, na kila tawi huishia kwenye bapa jembamba lenye umbo la kijiko au upepeo. Kila bapa lina upana wa takriban sentimita 2 hadi 8, na unene wa milimita chache tu. Upande wa juu ni wa kijivu, kahawia au mchanganyiko wa hivyo viwili, mara nyingi wenye michirizi hafifu. Uyoga mchanga sana huwa mweusi-kijivu, wenye vinundu tu, mabapa hayajafunguka. Geuza bapa moja. Upande wa chini ni mweupe, na ukiusogeza karibu na jicho utaona vitundu vidogo mno, kana kwamba mtu amechoma karatasi kwa ncha ya sindano mara elfu, na vitundu hivyo vinateremka hadi kwenye mguu. Vunja kipande: nyama ni nyeupe, imara, inakatika kwa nyuzi, na harufu yake ni ya udongo mtamu. Isugue kwa kidole na usubiri dakika kadhaa. Ikibaki nyeupe, ni dalili nzuri.

Shada la kawaida huwa na upana wa sentimita 20 hadi 50 na uzito wa kilo kadhaa. Yako mashada yanayozidi kilo 10, na huyabebi kwa mkono mmoja.

Hatua ya tano: uulinganishe na majirani zake

Ukisugua vitundu na vikageuka vyeusi, huo ni uyoga mwingine, Meripilus, wenye mabapa makubwa na machache zaidi. Hauui, na ukiwa mchanga wapo wanaoula, ila si huu. Ukikuta mabapa ya rangi ya maziwa, mazito, mapana kama sahani, hiyo ni Bondarzewia, ambayo ikikomaa huwa chungu na ngumu kama ubao. Ukikuta shada la miavuli midogo ya duara, kila mmoja na mguu wake katikati, basi umepata uyoga adimu unaolika ambao unastahili kuachwa uendelee kuzaa.

Jirani wa kuogopwa katika kitako cha mwaloni ni Omphalotus. Nao huota kwa mashada, nao huota chini ya mialoni, tena majira hayohayo. Lakini rangi yake ni ya chungwa kuanzia mwavuli hadi mguu, na kwa chini una kurasa. Aliyeula hutapika na kuharisha vibaya sana. Kama umeshika ile kanuni ya vitundu, huwezi kuuchanganya na maitake hata gizani, ingawa gizani uyoga huo hutoa mwanga hafifu wa kijani ambao ni wa ajabu kuutazama.

Shada la kwanza usilile kwa ushahidi wa maandishi haya peke yake. Mwonyeshe mtu aliyeuokota kwa miaka mingi. Katika miji mingi ya mashariki vipo vyama vya wapenzi wa uyoga ambavyo hutoka pamoja msituni na humkaribisha mgeni. Mpelekee shada lenyewe mkononi, si picha ya simu, kwa kuwa picha haisuguliki wala hainuswi.

Hatua ya sita: ukate

Tumia kisu kirefu chenye makali. Kikate kitako juu kidogo ya ardhi na uache sehemu yake ya chini palepale. Uyoga wenyewe, yaani ule mtandao wa nyuzi, uko ndani ya mbao. Unachokata ni kama embe, si mwembe, na mwakani au miaka miwili baadaye unaweza kuzaa tena mahali palepale. Ukikuta mashada matatu, chukua mawili.

Kabla ya kukata, upime kama ni mchanga wa kutosha. Bapa likikunjwa likavunjika kwa mlio, uchukue. Likipinda kama ngozi ya kiatu, au kama upande wa chini umeanza kuwa wa manjano na vitundu vimepanuka, au harufu imekuwa ya samaki aliyelala, uache msituni, kupika hakutausaidia. Usiuchukue pia ulioota kando ya barabara kuu, karibu na reli, au kwenye nyasi zinazonyunyiziwa dawa. Ubebe kwenye kikapu au mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya plastiki hutoa jasho na kuharibika kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya saba: uusafishe kwa subira

Uyoga huu hausukumi kitu unapokua, hukimeza. Ukiupasua utakuta vijiti, majani, mchanga, na wakati mwingine tunda zima la mwaloni lililofunikwa na nyama ya uyoga kama kokwa ndani ya parachichi. Ndani ya mikunjo yake pia kuna wapangaji. Wa kwanza niliouleta nyumbani niliuweka mezani, nikajivuna mbele ya wageni, na kabla chai haijamiminwa alitoka tandu mmoja, akafuatwa na mwingine, wakaanza kutembea kuelekea kwenye sahani ya mandazi.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Nje ya nyumba, ninaugawa katika mafungu makubwa na kuyakung'uta. Kisha ninachambua mabapa kwa mkono, nikikata kwa kisu sehemu zilizomeza uchafu, na kuyaloweka katika maji baridi yenye chumvi, vijiko viwili vya mezani kwa bakuli kubwa, kwa dakika 15 hadi 20. Wadudu hutoka na kuelea. Ninasuuza haraka, ninatandaza juu ya taulo safi, na kuyaacha yakauke. Kitako kigumu sikitupi.

Hatua ya nane: mlo wa kwanza uwe mdogo

Hata uyoga salama unaweza kumkataa mtu mmoja mmoja. Mara ya kwanza kula vijiko viwili au vitatu tu, vilivyoiva kabisa, usichanganye na uyoga wa aina nyingine, na usubiri siku moja kabla ya kula zaidi. Bakiza kipande kibichi ndani ya jokofu, ndani ya karatasi, ili likitokea la kutokea daktari apate cha kuangalia. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ya warfarin, au dawa za kisukari, azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa maitake unaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo.

Ukihisi vibaya baada ya kula uyoga wowote ule, usisubiri dalili zizidi. Ndani ya Marekani piga simu kituo cha sumu kwa nambari 1-800-222-1222, bila malipo, saa zote, na uombe mkalimani kama unamhitaji. Aliyezimia au asiyeweza kupumua vizuri apigiwe 911.

Hatua ya tisa: uupike

Usile mbichi. Chana mabapa kwa vidole kufuata nyuzi zake, uyatie kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani, na uyaache yatoe maji. Yatalia, yatanywea, kisha maji yatakauka. Hapo ndipo utie mafuta, na uache kingo zigeuke kahawia na kuanza kukauka kidogo. Baada ya hapo ongeza kitunguu, nyanya na chumvi, funika, na uache uive kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Anayetaka ladha ya nyumbani akoroge karanga zilizosagwa kwa maji ya moto, amimine, na aache rojo lichemke hadi mafuta ya karanga yaelee juu. Kwa ugali, sijui mboga ya Marekani inayoushinda. Tui la nazi pia linaukubali, lakini kwa maoni yangu hufunika harufu yake, na harufu ndiyo iliyotupeleka msituni.

Kitako kikatwe vipande na kuchemshwa saa nzima. Mchuzi wake ni mzito na wa kahawia, unafaa kupikia wali au maharage.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mpishi wa pwani atalifurahia. Maitake mbichi una kimeng'enya kinachovunja protini, kama kile cha papai bichi. Ukiutia mbichi kwenye mchanganyiko wa mayai ya kupika kwa mvuke, mayai hayatashikana. Wajapani wanalijua hilo, na huuchemsha kwanza. Kwa upande mwingine, ukiusaga kidogo na kuupaka kwenye nyama ngumu kwa saa moja au mbili ndani ya jokofu, nyama hulainika. Hakikisha tu kwamba vyote viwili, nyama na uyoga, vinaiva kabisa.

Hatua ya kumi: akiba

Ndani ya jokofu, katika mfuko wa karatasi, hukaa siku nne au tano. Kwa muda mrefu zaidi, ukaange mkavu kama ilivyoelezwa, uupoze, na uugandishe katika mafungu ya mlo mmoja mmoja. Au uukaushe: jua la Oktoba huku halina nguvu ya jua la Kigoma, hivyo tumia mashine ya kukaushia kwa nyuzijoto takriban 50 za Selsiasi, hadi bapa livunjike kama biskuti, kisha uhifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Ukitaka kuutumia, uloweke kwa maji ya moto nusu saa, na maji hayo yachujwe yaingie chunguni. Usiuweke mbichi ndani ya chupa ya mafuta, wala usijaribu kuusindika kwenye makopo nyumbani, kwa kuwa hali hiyo isiyo na hewa inaweza kuzaa sumu ya botulinamu.

Hatua ya mwisho: uukumbuke mti

Weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu yako, pamoja na tarehe, na mwakani urudi wiki hiyohiyo. Jina maitake kwa Kijapani humaanisha uyoga wa kucheza ngoma, na husemekana kwamba aliyeukuta alikuwa akicheza kwa furaha. Kabla Wajapani hawajaweza kuulima kwa biashara, jambo lililopata nguvu katika miaka ya 1980, waokotaji wao walificha miti yao hata kwa ndugu wa damu. Mimi nina mialoni minne. Miwili nimewaonyesha jamaa zangu.